Sifanyi Kitu, Ni Jumamosi

Kaka yangu Wilho Pelkola hajawahi kugusa kitu. Muulizeni. Gari likizimika katikati ya barabara, hajagusa kitu. Bomba la jikoni likipasuka, hajagusa kitu, na spana bado iko mkononi. Miaka thelathini na minne alikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa chuma, huku kwetu Michigan ya kaskazini, na kwa fundi wa aina yake kugusa maana yake ni kuharibu. Yeye haharibu, kwa hiyo hagusi. Ndiyo hesabu yake. Nimeishi nayo miaka sitini na tisa na mpaka leo inanitia kichefuchefu.

Mimi ni Irja, mdogo wake. Nilifanya kazi maktaba ya mji miaka ishirini na sita, na kwa kuwa pale mimi ndiye niliyejua pa kubonyeza kompyuta zikigoma, nimegeuzwa fundi wa ukoo mzima na wa nusu ya kanisa letu la Kilutheri. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Sipendi. Kompyuta ya mtu ni sawa na friji yake: ukiifungua unajua mengi kuliko ulivyotaka.

Ya Wilho iko chumba cha nyuma, ambako marehemu mkewe alikuwa akishona. Sasa ni chumba cha Wilho na mbwa wake, na mbwa akitoka kwenye theluji hujikausha chini ya meza hiyo hiyo. Wilho anatafuna tumbaku. Hilo ningelivumilia, lakini anatema kwenye mkebe wa kahawa, na mkebe anauweka kando ya kipanya, na kipanya chenyewe kinanata. Kibodi ina chembe za nisu, mkate wetu wa iliki, za tangu Krismasi ya mwaka juzi. Siku ya kwanza nilipoigeuza na kuikung'uta kilidondoka kitu ambacho sikutaka kukijua jina. Kefule! Kwenye rafu kuna saa ya redio inayowakawaka 12:00 mchana na usiku, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuirekebisha.

Hata hivyo kompyuta ile ina kazi. Kila asubuhi saa moja, mwaka wa thelathini na moja huu, Wilho anatoka uani na rula yake ndefu, anapima theluji iliyoanguka, halafu anarudi ndani kuipelekea ofisi ya hali ya hewa zile inchi zake kwa kompyuta. Halipwi. Hajakosa siku hata moja. Siku tuliyomzika mkewe nilimwona kwa macho yangu, amevaa suti nyeusi, amepiga magoti uani na rula. Sasa mwezi wa kwanza mwaka huu ukurasa wa ofisi ile ukamwandikia kwamba mfumo wa kompyuta yake umepitwa na wakati, ausasishe kabla ya tarehe mosi Machi, la sivyo hawatapokea tena taarifa zake. Akanipigia simu.

"We Irja, wanasema nimezeeka!"

"Kompyuta, Wilho. Wanasema kompyuta."

"Yote mamoja. Njoo uishughulikie."

Nikaenda Jumapili baada ya ibada, maili ishirini na tano za barabara yenye barafu. Kusasisha mfumo mzima si jambo la dakika tano. Kwanza kompyuta inapakua, na intaneti ya kule kwao inachuruzika matone. Kisha inajisakinisha, inajizima na kujiwasha yenyewe mara tatu, mara nne, na muda wote huo haitaki kuguswa. Wilho naye hataki kubanduka kitini. Toka asubuhi yuko pale na karata zake za kwenye skrini na picha za mawingu. Na mimi sikuwa tayari kukaa saa nne nzima kwenye harufu ya mbwa aliyelowa.

"Ni wakati gani huitumii kabisa?" nikamuuliza.

"Jumamosi jioni."

Basi nikaipangia: ipakue polepole wiki nzima, ijisakinishe Jumamosi saa kumi jioni. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa akili zangu.

Jumapili iliyofuata nikakuta ujumbe kwenye skrini. Mnaujua ule ujumbe. "Kuna hitilafu imetokea. Tunarudisha mambo yalivyokuwa. Usizime kompyuta yako." Hitilafu gani? Hawasemi. Imetokea wapi? Hawasemi. Wameandika kwa herufi laini, na rangi ya buluu ya kutuliza wagonjwa, kama daktari anayekupigapiga begani huku akitazama saa. Nachukia ujumbe ule kuliko matusi. Anayekutukana walau amekuona.

Nikaanza kazi. Diski ilikuwa imejaa pomoni, na mfumo mpya unahitaji nafasi. Nikafuta picha elfu mbili za rula iliyosimama kwenye theluji, maana kila picha alikuwa ameihifadhi mara tatu. Jumamosi ikaja, ikakataa. Jumapili nikachomoa printa na diski ya nje, kwa sababu wakati mwingine vitu vilivyochomekwa ndivyo vinavyoichanganya, nikayafuta yote yaliyokuwa yamepakuliwa, ianze upya na mafaili safi. Jumamosi ikakataa tena. Nikakagua diski kama ina ubovu. Haina. Nikarekebisha mafaili ya mfumo yaliyokuwa na kasoro. Ikakataa. Wiki nne! Nilianza kuiota kompyuta ile, na katika ndoto vilevile ilikuwa inanata.

Jumapili ya nne nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Kila kompyuta ina daftari lake la ndani linaloandika yote yanayoipata, saa na dakika. Nikalifungua. Jumamosi ya kwanza, saa kumi na dakika saba jioni: umeme umekatika ghafla. Ya pili, saa kumi na dakika tatu: umeme umekatika ghafla. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Mfumo haukuwa na kosa lolote. Kila ulipofika katikati ya kazi, mtu aliutoa roho.

"Wilho," nikasema, "kuna mtu anaizima kompyuta hii kwenye umeme. Kila Jumamosi, saa kumi na kitu."

"Mimi sijagusa kitu."

"Sijasema wewe. Nauliza, Jumamosi saa kumi unafanya nini?"

Akafikiri. Naapa, nilimwona akifikiri kwa dhati, taya limesimama na tumbaku yake ndani.

"Sifanyi kitu," akasema. "Ni Jumamosi."

Nami nikaitikia kwa kichwa, nikaona jibu limetosha.

"Na nani mwingine huwa humu ndani?"

"Roxanne," akasema. Tukatazamana.

Roxanne Beaudry ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, magoti yake yanalia akipanda ngazi, mdomo wake hauna breki. Alianza kusafisha nyumba ile mke wa Wilho alipougua, na hajaacha tangu hapo, miaka kumi na moja. Huja Jumamosi saa sita, anasugua, anapiga deki, chumba cha nyuma anakimalizia mwisho kwa sababu ya mbwa, anaondoka kwenye saa kumi. Alikuwa akisafisha nyumba tatu nyingine pamoja na ukumbi wa kanisa letu, ingawa yeye ni Mkatoliki. Nyumba zote hizo alikuwa na funguo zake. Mtu wa kazi ile hana cheti cha kutundika ukutani. Ana jina lake tu, na likichafuka, funguo zinarudi kwa wenyewe.

Wilho akachukua simu papo hapo. Masikio yake yamekwisha kwa mashine za mgodini, hivyo huongea kwa kipaza sauti, na yeyote aliye chumbani anasikia pande zote mbili.

"Roxanne! Unachomoa kompyuta yangu!"

"Nachomoa nini, mzee?"

"Waya! Unachomoa waya ili uchomeke lile lidude lako la kufyonza vumbi!"

"Wapi! Mashine naichomeka koridoni. Miaka yote naichomeka koridoni. Soketi ya chumba chako iko nyuma ya mbwa, na mbwa wako yule hata kumruka sitaki, ananuka kuliko choo cha stendi."

"Sasa nani anaizima? Mimi sijagusa kitu!"

"Mimi nitajuaje, mzee? Labda imekuchoka. Hata mimi siku nyingine—"

"Imeandikwa humu! Saa na dakika! Irja ameisoma!"

Hapo Roxanne akaacha utani. "Bi Irja yupo hapo?"

"Yupo."

"Mzee," akasema, na sauti ilikuwa imeshabadilika, "mkeo nilimwogesha kwa mikono hii mpaka siku ya mwisho. Ningetaka kukuharibia kitu, ningengoja kompyuta?"

"Ufunguo utauacha kwenye sanduku la barua," Wilho akasema, akakata.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Ningeweza kusema, "Wilho, hebu ngoja." Nilikuwa nafuta kibodi kwa kitambaa chenye spiriti. Nikaendelea kufuta.

Wilho si mtu wa maneno, ila akiongea na Carol Hietala ni sawa na kutangaza redioni. Carol ndiye msimamizi wa ukumbi wa kanisa, na kahawa ya baada ya ibada iko chini ya amri yake. Siku ya ibada iliyofuata, mimi nikiwa nimeshika sahani ya nisu, alisimama kwenye mlango wa jiko na kutangaza mbele ya kila mtu kwamba Roxanne hatasafisha tena ukumbi. "Siwezi kumwachia ufunguo wa nyumba ya Bwana mtu anayechezea vitu vya wazee," alisema, huku akijishika kifua. Kabla ya jioni ile, nyumba mbili zikafuata. Huku kwetu hakuna anayemfukuza mtu. Wanamwambia tu kwamba kwa sasa wanajaribu kusafisha wenyewe.

Na Jumamosi, hakuna Roxanne, hakuna mashine ya kufyonza vumbi, nyumba nzima kuna Wilho na mbwa tu, kompyuta ikazimika saa kumi na dakika tano.

"Atakuwa ana ufunguo mwingine," Wilho akaniambia kwenye simu. "Anaingia kwa siri."

"Anaingia kwa siri, kwenye theluji ya inchi kumi na nne uliyoipima mwenyewe asubuhi, aje akuzimie kompyuta?"

"Wanawake wa familia yake ni wakaidi."

Sikutegemea kwamba ndugu wa tumbo moja anaweza kunichefua kiasi kile. Nilitaka kutema, na mimi situmii tumbaku. "Jumamosi nitakuja," nikamwambia. "Nitakaa mbele ya mashine hiyo mpaka nimwone huyo mchawi wako."

Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Februari. Nilifika saa tisa na nusu. Wilho alikuwa amenuna kwa sababu nilikaa kwenye kiti chake. Nilimwambia aende akafanye analofanya siku zote, ajifanye sipo. Akaenda. Saa kumi kamili kompyuta ikaanza, yenyewe, kama nilivyoipangia. Asilimia ishirini. Arobaini. Nilikuwa nimeubana waya wake kwa miguu, mtu asiusogelee. Mbwa alikuwa amelala mbele ya soketi. Nyumba kimya. Sitini. Sitini na moja.

Giza. Skrini ikafa mbele ya macho yangu, na feni ikaguna ikanyamaza.

Waya ulikuwa umechomekwa. Mbwa hakutikisika. Nikainua macho, na pale kwenye rafu saa ya redio nayo ilikuwa imezimika. Wiki zote hizo nimekaa chumba kile na saa inayowakawaka 12:00, jambo ambalo kila mwenye akili anajua maana yake, kwamba umeme umekatwa na kurudishwa, umekatwa na kurudishwa, na mimi, mtaalamu wa ukoo, niliona ni uchafu mwingine tu wa Wilho. Nikashuka ngazi za kwenda chini ya nyumba, mbili mbili.

Alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha swichi, kando ya mlango wa chumba chake cha kuogea mvuke, uchi kama alivyozaliwa, taulo begani, mkono ungali juu ya swichi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hakuwa hata na nguo.

"Wilho! Umefanya nini?"

"Ebo! Sijafanya kitu. Nawasha sauna."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nini?"

"Mkono wako huo. Umezima nini?"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. "Chumba cha nyuma," akasema.

"Kwa nini unazima chumba cha nyuma?"

"Jiko la sauna linakula umeme mwingi. Ukiwasha kikubwa, unazima kidogo. Waya wa chumba kile ulipata moto mwaka themanini na tatu, Irja, ukuta ulikuwa unanuka. Tangu hapo nazima kwanza, ndipo nawasha jiko. Nikitoka narudisha."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Na ukirudi ukaikuta kompyuta imezimika?"

"Nilidhani imelala."

"Nilikuuliza! Nilikuuliza, Jumamosi saa kumi unafanya nini, ukasema hufanyi kitu!"

"Sasa hii ni kufanya?" akasema, na alishangaa kweli, macho yake yale ya buluu yamenikodolea bila hata punje ya ujanja. "Hii ni sauna."

Ningempiga. Ningemchapa na taulo lake mwenyewe. Angekuwa ananidanganya ningejua pa kumshikia, lakini hakuwa anadanganya. Na kilichonikera zaidi ni kwamba nilimwelewa. Jumamosi saa kumi jioni mimi nami huwa nimekaa kwangu, juu ya ubao, jasho linanitiririka, namwagia maji mawe ya moto. Mama yetu hivyo, bibi yetu hivyo, na majirani wote kuanzia hapa mpaka ziwani. Ukiniuliza Jumamosi jioni nafanya nini, nami ningejibu sifanyi kitu. Ndiyo maana niliposikia jibu lake niliitikia kwa kichwa. Katika nyumba ile, Jumamosi saa kumi, kwa hesabu yetu sisi, aliyekuwa akifanya kitu alikuwa mmoja tu, yule mwenye ndoo na tambara.

"Washa chumba cha nyuma," nikamwambia.

"Na sauna?"

"Sauna itangoja."

"Irja, ni Jumamosi!"

"Washa, mzee wewe, kabla sijauita ukoo mzima uje ukuone ulivyo!"

Akawasha. Tukapanda juu, nikaianzisha tena, na nikamkalisha pale pembeni amejifunga taulo, miguu imemtoka vipele vya baridi, mkebe wake nimeutupa nje kwenye theluji. Kwa muda wa saa mbili na dakika kumi tulikaa hivyo. Kila baada ya muda anasema, "Mawe yatapoa." Namjibu, "Hayajapata moto, yatapoaje?" Ikajizima, ikajiwasha. Ikajizima, ikajiwasha. Ikasema karibu tunamaliza, uongo wao ule ule. Mwishowe ikafunguka, mpya, safi, na ukurasa wa hali ya hewa ukamkaribisha kwa jina. Wilho akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya.

"Unaona?" akasema. "Ilitaka uvumilivu tu."

"Kesho tunakwenda kwa Roxanne," nikasema. Tabasamu likaondoka.

Sikumpa nafasi ya kukataa. Jumapili mchana nilimtia garini kama mzigo. Roxanne anakaa upande wa pili wa reli, nyumba ndogo ya mbao, na tulimkuta nje anazoa theluji kwenye ngazi zake kwa koleo. Alituona, akaendelea na koleo lake. Wilho akasimama pale, kofia mkononi, theluji inamwangukia kwenye upara. Nilimwona akitafuta neno. Watu wetu hawafundishwi neno lile. Baba yetu alikufa bila kulitamka hata mara moja, na alikuwa na sababu nyingi.

"Kompyuta imepona," Wilho akasema.

Roxanne akaegemeza koleo.

"Hongera," akasema.

"Kwa hiyo Jumamosi unaweza kuja."

"Aa. Kwa hiyo si mimi."

"Ilikuwa umeme," akasema Wilho.

"Umeme wa nani?" nikalipuka. "Sema! Roxanne, alikuwa anaizima mwenyewe! Anashuka chini kuwasha sauna, anakata umeme wa chumba cha nyuma, miaka arobaini anafanya hivyo na hajui kama anafanya! Nimemkuta kwa macho yangu, uchi, mkono kwenye swichi!"

Nilitegemea acheke. Roxanne hucheka upesi. Hakucheka. Alimtazama Wilho, akaona hakuna kitakachotoka, akanigeukia mimi.

"Bi Irja, wewe ndiye uliyesoma zile saa na dakika?"

"Ndiyo."

"Ukamuuliza mzee huwa anafanya nini Jumamosi saa kumi."

"Ndiyo."

"Mimi ulikuja kuniuliza?"

Nyumba yake iko maili mbili tu kutoka kwa Wilho. Ningefika kabla kahawa haijapoa.

"Mimi ningekwambia," akasema Roxanne. "Naondoka saa kumi, nafika mlangoni, taa ya chumba cha nyuma inazimika. Kila Jumamosi, miaka yote hiyo. Najua maana yake mzee anaingia kuoga. Nasema kimoyomoyo, haya, mzee, oga salama. Ningekwambia siku ile ile."

Wilho akaivaa kofia yake. Nikamwomba Roxanne msamaha mimi, kwa niaba yangu na ya yule bubu, na nikamuuliza nifanye nini.

"Carol Hietala aliniondoa mbele ya watu," akasema. "Alipomaliza kusema, mpaka jioni nilikuwa nimepigiwa simu na nyumba mbili. Basi nataka isemwe mbele ya watu. Palepale, kwenye kahawa yenu. Iseme wewe, maana wewe una mdomo. Nyumba zangu zikirudi, nitarudi na kwa mzee. Zisiporudi, mnielewe."

Nikamwahidi. Nilimpa mkono na nikamwahidi.

Wiki nzima niliipanga hotuba yangu. Jumapili, ibada ilipoisha na watu wamejaza vikombe, nilisimama kwenye mlango wa jiko, mahali palepale aliposimama Carol, nikagonga kikombe kwa kijiko. Nikasimulia. Nilianza na mkebe wa tumbaku na kipanya kinachonata, wakaanza kutabasamu. Nikafika kwenye picha elfu mbili za theluji, wakacheka. Nilipomshusha Wilho chini ya nyumba na taulo begani, na nilipoiga sauti yake, "Hii ni kufanya? Hii ni sauna!", ukumbi mzima ulipasuka. Wazee walikuwa wanapiga meza. Mchungaji alijifuta machozi kwa kitambaa cha karatasi. Wilho mwenyewe, kwenye kona yake, alikuwa mwekundu hadi masikioni na anatabasamu, maana hata yeye aliona imekuwa hadithi nzuri. Jamani, nilikuwa nimeisimulia vizuri! Nikamalizia kwa sauti kubwa: "Kwa hiyo Roxanne Beaudry hakugusa kitu. Alisingiziwa." Sina hakika ni wangapi walisikia. Walikuwa bado wanacheka.

Carol Hietala akanishika mkono, machozi ya kicheko mashavuni. "Irja, mbavu zangu! Uchi kabisa?"

"Carol, Roxanne anataka ukumbi wake."

"Nani? Aa, Roxanne, maskini. Mwambie tumefurahi si yeye." Akajaza kikombe changu ambacho hakikuwa tupu. "Lakini tumeshampata msichana wa huko mjini, anafanya kazi upesi, na siwezi tena kumwondoa mtu bila kosa. Si haki."

Nikawatafuta wenye zile nyumba mbili. Mmoja aliniambia wamezoea kusafisha wenyewe. Mwingine alikuwa anamhadithia jirani yake habari ya taulo, na alinisimamisha nimkumbushe Wilho alisema nini hasa. Nikamimina kahawa kwenye sinki, nikaenda zangu.

Saa nane mchana simu yangu ikaita. Alikuwa Roxanne.

"Bi Irja, umesema?"

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya ukumbi mzima. Nimesimama palepale alipokuwa Carol."

"Wakasemaje?"

"Walicheka, Roxanne."

"Walimcheka nani?" akauliza.

Nilichelewa kujibu, naye akakata.